Nyumba ya magurudumu na gari la kuifikisha Whitby

Karavani ilifika nyumbani kabla ya gari la kuivuta, na matatizo yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Ilikuwa mwezi Machi mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mvua ile nyembamba isiyokwisha ikinyesha. Jirani mmoja mzee, Mwingereza ambaye magoti yalikuwa yamemchoka, alitangaza kuiuza karavani yake. Ndani ilikuwa na vitanda vya watu 6, jiko la gesi, friji, choo kidogo na meza inayogeuka kitanda usiku. Bei ilikuwa ya kuondoa tu. Baba wa familia moja ya Kitanzania inayokaa nyumba ya pili kutoka hapo alihesabu haraka kichwani: mama yake anakuja Julai kutoka Tanga, watoto watatu watakuwa likizo, na kupanga nyumba ufukweni kwa wiki nzima wakati shule zimefungwa ni gharama ya kukosesha usingizi. Akalipa siku hiyohiyo.

“Yetu hii, mama watoto,” alisema akiwa amesimama kwenye mvua na funguo mkononi.

Mkewe, muuguzi aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku, aliitazama karavani. Kisha akaligeukia gari lao dogo la milango mitano lililokuwa limeegeshwa mbele yake. Karavani ililizidi urefu, ikalizidi na kimo.

“Na hilo litaiweza?”

Baba alisema gari lina nguvu, limeshawapandisha milima mingi. Mama hakubishana. Aliingia ndani kulala. Alipoamka mchana alichukua daftari la mtoto wa kati, akatoka nje kusoma vibati.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hesabu ya gari na karavani haianzi kwenye injini. Inaanza kwenye uzito, na uzito umeandikwa. Kila gari linalouzwa Ulaya lina kibati au karatasi ngumu yenye namba zake, mara nyingi kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Namba ya kwanza kati ya zile za uzito ni uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na watu na mizigo. Ya pili ni uzito wa juu wa msafara mzima, yaani gari pamoja na kinachovutwa. Ukitoa ya kwanza kutoka kwa ya pili unapata kile ambacho gari linaweza kuvuta likiwa limejaa. Gari ambalo mtengenezaji hakuliidhinisha kuvuta chochote halina namba hiyo ya pili, au imeandikwa sifuri, na hapo hakuna mjadala.

Gari lao lilikuwa nayo. Kilo 1,850 juu, kilo 2,950 chini yake. Tofauti ni kilo 1,100.

Kibati cha karavani kilikuwa pembeni ya mlango. Uzito wa juu ikiwa na vitu vyake: kilo 1,380. Uzito ilivyotoka kiwandani bila hata kijiko: kilo 1,190. Kwa maneno mengine, hata wangeikokota tupu, bila shuka wala sufuria, bado ingekuwa imezidi kilo 90.

Mama aliliacha daftari wazi juu ya meza ya chakula, akaenda kupika. Baba alilisoma alipotoka kazini. Alilisoma mara mbili. Jioni ile chakula kililiwa kimya kuliko kawaida, na mtoto wa mwisho, wa miaka 6, aliuliza kama karavani inaweza kukaa hapohapo barabarani na wao wakalala humo.

Kwa kipindi fulani hilo lilionekana ndilo jambo litakalofanyika. Baba alijaribu njia zote za kuikwepa namba ile. Akasema Whitby si mbali. Akasema atakwenda polepole. Akasema amewaona watu wakivuta mikubwa zaidi. Lakini tatizo la kuzidisha uzito si kwamba gari litashindwa kuondoka. Gari dogo lenye injini nzuri linaweza kuivuta karavani nzito kwenye barabara tambarare, siku isiyo na upepo, na dereva akajiona bingwa. Shida inakuja siku ambayo karavani inataka kwenda upande mwingine. Hapo anayetawala ni mwenye kilo nyingi, awe mbele au nyuma.

Ndiyo maana vyama vya wenye karavani Uingereza vimekuwa vikiwashauri wanaoanza kwamba karavani ikiwa imejaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Si sheria, ni ushauri, na mtu mwenye uzoefu anaweza kusogea karibu na asilimia 100, mradi tu asivuke kikomo cha mtengenezaji. Gari lao likiwa tupu lilikuwa na kilo 1,300. Asilimia 85 yake ni kilo 1,105. Karavani yao ilikuwa sawa na asilimia 106. Hata mtoto wa miaka 10, ambaye ndiye mwenye daftari, aliona kwamba hapo mkia ni mzito kuliko mbwa.

Suala la leseni, kwa bahati, lilikuwa rahisi. Kwa miaka mingi, waliofaulu mtihani wa udereva Uingereza kuanzia mwaka 1997 walilazimika kufanya mtihani mwingine kabla ya kukokota karavani kubwa. Tarehe 16 Desemba 2021 sharti hilo liliondolewa. Leseni ya kawaida ya gari sasa inaruhusu tela la hadi kilo 3,500. Ni unafuu, ingawa una upande wake mbaya: leo mtu anaweza kuingia barabara kuu na nyumba nyuma yake bila kufundishwa na yeyote hata namna ya kurudi nyuma.

Basi ikabidi kutafuta gari.

Jumamosi nne mfululizo familia nzima ilizunguka yadi za magari yaliyotumika, kutoka Leeds hadi Bradford na Wakefield. Baba alikuwa na gari lake moyoni, kama alivyo kila mwanamume aliyekulia Tanga akiona magari ya miradi na ya serikali yakipita: Land Cruiser. Na kwa kuvuta, kusema kweli, Land Cruiser haina wa kuitania. Ni nzito, ina fremu imara, na tela la karavani ile isingelisikia. Lakini bei ya kuinunua ilikuwa karibu mara mbili ya walichonacho, na ingebidi iishi Leeds miezi 12 kwa mwaka, ikipeleka watoto shule na kutafuta maegesho sokoni, ili ivute karavani wiki tatu. Mama alimwachia aikae ndani, aushike usukani, atabasamu. Kisha wakaendelea.

Magari yaliyowadanganya zaidi ni yale ya sura ya porini: marefu kwenda juu, tairi pana, reli juu ya paa. Mengi ya hayo ndani yake ni gari dogo lililovalishwa koti. Moja lililompendeza baba lilikuwa na uzito uleule wa gari lao la zamani na kikomo cha kuvuta kilo 1,200. Muuzaji alisema “linavuta vizuri tu.” Mtoto mkubwa, wa miaka 13, ambaye kwa sasa alikuwa amegeuka mkaguzi, alifungua mlango, akasoma kibati, akatikisa kichwa kama mzee.

Mfanyakazi mwenzake baba aliwashauri gari la umeme. Lina nguvu ya kuvuta tangu tairi zinapoanza kuzunguka, halitoi moshi, na kwa uzito wake kubwa la betri linaituliza karavani. Yote kweli. Ila karavani ni ukuta unaosukumwa dhidi ya upepo, na safari ambayo gari la umeme lingeikamilisha kwa chaji moja linaweza kufika nusu tu likiwa na karavani nyuma. Vituo vingi vya kuchajia vimepangwa kwa gari moja bila tela, hivyo ni kuifungua karavani, kuiacha mahali, kuchaji, kurudi kuifunga. Pamoja na watoto watatu na bibi. Kuhusu magari ya mseto ya petroli na umeme, mengi madogo hayakuidhinishwa kuvuta kabisa, na yanayoruhusiwa mara nyingi yana kikomo cha chini. Hapo pia kibati ndicho cha kuuliza, si tangazo.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo familia za watu wanne hazilifikirii. Wao na bibi wangekuwa 6. Hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa ndani ya karavani za aina hiyo zikiwa zinakokotwa, na hata isingekuwa sheria hakuna mzazi ambaye angelitaka hilo akiona zinavyorushwa. Kwa hiyo walihitaji viti 7. Na ukiinua viti vya safu ya tatu buti linakuwa dogo kama droo, mizigo yote inahamia kwenye karavani, na karavani nayo ina kikomo chake. Toa kilo 1,190 kutoka 1,380, zinabaki 190. Humo ingia mtungi wa gesi, betri, hema la mlangoni na viti vyake, nguo za watu 6, chakula na vyombo. Betri peke yake ni zaidi ya kilo 20.

Walilolipata hatimaye halikuwa gari la kupigia picha. Lilikuwa basi dogo la kifamilia la viti 7, injini ya dizeli ya lita 2, rangi ya kijivu, la aina ambayo madereva wa teksi huitumia kuchukulia watu uwanja wa ndege. Lilikuwa na uzito wa kilo 1,800 likiwa tupu. Kibati kilisoma 2,450 na 4,250, yaani lina uwezo wa kuvuta kilo 1,800. Karavani yao sasa ilikuwa sawa na asilimia 77 ya gari. Mama aliandika namba hiyo na kuizungushia duara.

Dizeli ilichaguliwa kwa sababu ya msukumo wake wa chini. Injini ya petroli ya ukubwa uleule ingehitaji kupigishwa kelele kwenye kila mlima, ilhali dizeli huvuta taratibu ikiwa kwenye mizunguko midogo. Gia zilikuwa za kujibadilisha zenyewe. Baba alinung’unika kidogo, akisema dereva ni klachi. Lakini anayeondoka mlimani na karavani nyuma kwa gia za mkono huunguza klachi hadi harufu inaingia ndani, na kurudi nyuma kwenye kambi, sentimita kwa sentimita, ni kazi ileile. Walilotamani wakalikosa ni magurudumu manne yenye nguvu. Gari la kusukumwa na tairi za mbele hupoteza mshiko pale mzigo unapokandamiza nyuma na nyasi zikiwa zimelowa. Wakakubaliana: watapanga kambi zenye viwanja vya kokoto.

Fundi alifunga chuma cha kuvutia kilichoidhinishwa kwa gari hilo hasa, pamoja na soketi ya pini 13 inayopeleka taa na umeme kwenye karavani, akaiarifu kompyuta ya gari kwamba sasa kuna mzigo nyuma. Gharama yake iliwashtua. Wanaopanga bajeti ya gari la kuvutia waiweke hiyo mapema, pamoja na vioo virefu vya pembeni, maana karavani pana kuliko gari huyafunika yote ya nyuma.

Bibi aliwasili Julai.

Watoto walimpokea mlangoni kwa shikamoo tatu kwa mpigo, na yeye akamwita yule wa miaka 6 “mume wangu” mbele ya rafiki zake, jambo lililohitaji maelezo marefu kwa Kiingereza. Sanduku lake moja lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, kinu kidogo cha kutwangia viungo, ng’onda waliofungwa mara tatu, na mchele wa Mbeya. Mama alilinyanyua akaelewa kwamba hesabu ya kilo 190 imepata mgeni.

Bibi ni mjane wa dereva wa lori. Marehemu mumewe alianza kwa kubeba katani mashambani Tanga, kisha miaka mingi akapeleka mizigo Iringa na Mbeya, lori na tela. Alipotembezwa uani kuonyeshwa karavani, hakuuliza habari za vitanda. Aliinama, akatazama inapoungana na gari.

“Mwanangu, tela hili umeliweka mzigo wapi?”

Baba akasema mizigo iko nyuma, baiskeli za watoto na masanduku, ili mbele pabaki pa kukaa.

“Babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema tela likilemewa mkia, ukiteremka Kitonga ndilo linakushusha wewe.”

Baba alicheka, kwa heshima. Kitonga ni Kitonga, mama, huku ni Uingereza. Wakaondoka Jumamosi asubuhi na baiskeli zikiwa palepale.

Kutoka Leeds kwenda Whitby, kwenye pwani ya mashariki ya Yorkshire, ni mwendo wa maili 70 hivi. Barabara ya A64 hupita kando ya York, na hadi hapo sehemu yake kubwa ina njia mbili kila upande. Gari lenye karavani haliruhusiwa kuzidi maili 60 kwa saa kwenye barabara za namna hiyo, na maili 50 zile za njia moja moja. Kwa kilometa ni kama 96 na 80. Kwenye barabara kuu ya njia tatu, ile ya kulia kabisa si yako.

Kabla ya York, lori refu liliwapita. Linapokaribia hewa yake huisukuma karavani nje. Linapopita huivuta ndani. Karavani ikayumba, ikarudi, ikayumba zaidi. Ndani ya gari walisikia mgongo wa kiti ukivutwa kushoto na kulia kama mtu anayewatikisa kutoka nyuma. Mtoto wa kati akashika mkono wa bibi. Baba akataka kukanyaga breki.

“Usikanyage,” bibi alisema kutoka safu ya pili, bila kupandisha sauti. “Achia mafuta tu. Shika usukani wima.”

Akaachia. Gari la kilo 1,800 likaikamata karavani, likaituliza, mara tatu, mara mbili, moja. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi chache. Gari lao la zamani lingekuwa nyuma ya namba ile ya asilimia 106, na hakuna aliyelitaja.

Walisimama kwenye maegesho ya kwanza waliyoyaona. Hapo baba alifanya alichoambiwa uani. Baiskeli zikatoka nyuma, zikalazwa sakafuni juu ya ekseli, na mchele na kinu vikawekwa hapohapo. Vyepesi, mito na nguo, ndivyo vilivyokwenda kwenye makabati ya juu na ya nyuma. Mzigo ulio mbali na ekseli hufanya kazi kama pendulamu: ukianza kubembea hauishi. Kisha mama akatoa mizani ya bafuni, ambayo kwa sababu anazozijua mwenyewe alikuwa ameibeba. Waliweka kipande cha mti kati ya mizani na pua ya karavani, wakaishusha taratibu. Kilo 41.

Pua ya karavani inatakiwa kulikandamiza gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake, kwao kilo 69 hadi 96. Ikiwa nyepesi mno karavani inacheza, ikiwa nzito mno tairi za mbele za gari zinanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kama wa toroli. Kila gari lina kikomo chake cha hapo pia. Lao lilikuwa kilo 100. Wengi husahau kwamba kilo hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari, sawa na kuongeza abiria mmoja kwenye buti. Baada ya kupanga upya mizani ilisoma 84. Waya mwembamba wa dharura, ule unaofunga breki za karavani zenyewe endapo itachomoka, ukaangaliwa tena. Bibi aliutikisa kwa kidole kuhakikisha.

Baada ya Malton kulikuwa na njia ya mkato. A169 inakata vilima vya North York Moors kupitia Pickering, na wanaoipita husema mandhari yake haisahauliki. Inashuka pia Whitby kwa mteremko wa Blue Bank, ambao kila mita 5 unazoenda mbele zinakushusha mita 1. Upande wa magharibi wa vilima hivyohivyo, karibu na Thirsk, kuna Sutton Bank, mita 1 kwa kila 4, na huko karavani zimepigwa marufuku kabisa kwa sababu zilikuwa zikikwama na kufunga barabara. Kikomo cha kuvuta kinachoandikwa kwenye kibati kimepimwa kwa gari kuweza kuondoka kwenye mwinuko wa asilimia 12. Blue Bank ni asilimia 20.

“Hiyo ndiyo Kitonga yao,” bibi alisema alipoelezwa. Wakaendelea na A64 hadi Scarborough, kisha A171 kaskazini kufuata pwani. Ni ndefu zaidi na nayo ina vilima vyake, lakini gari liliipanda bila kulalamika, na kuteremka baba alishusha gia mapema badala ya kuning’inia kwenye breki. Mpiga honi mmoja nyuma yao alichoka kusubiri. Walipopata pa kupisha, wakampisha.

Inachekesha kwamba starehe hii ya Waingereza, inayochukuliwa kuwa ya kwao hasa, ina uzi unaofika pwani ya bibi. Karavani ya kwanza kujengwa kwa ajili ya matembezi tu, iliyoitwa Wanderer, ilitengenezwa Bristol mwaka 1885 kwa ajili ya Dk William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari wa jeshi la majini. Ujanani alihudumu kwenye manowari iliyokuwa ikiwinda majahazi ya biashara ya watumwa upande wa Msumbiji. Karavani yake ilivutwa na farasi wawili. Alikwenda nayo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness, na yeye pia ilibidi aipange safari kwa kufuata milima ambayo farasi wangeiweza. Neno lenyewe, karavani, limetoka Uajemi na maana yake ni msafara.

Whitby ni mji wa wavuvi uliobanana kwenye mdomo wa mto Esk. Juu ya jabali upande wa mashariki yamesimama magofu ya abasia, na ngazi 199 zinapanda hadi huko. James Cook alijifunza ubaharia hapa, na Endeavour, meli aliyozungukia dunia, iliundwa kwenye mji huuhuu. Watoto walizihesabu ngazi wakapata 197, 199 na 204. Bibi alibaki chini na mama, kwenye benchi, akiangalia boti zinazoingia. Bahari ile ni ya kijivu na baridi yake inauma hata Julai, lakini alikaa pale saa nzima akiinusa.

Kilichomvuta kuliko magofu ni banda la kukaushia samaki kwa moshi, lililo chini ya jabali. Samaki aina ya herring wanapasuliwa, wanatiwa chumvi, wanatundikwa juu ya moshi wa mbao za mwaloni hadi wanageuka rangi ya shaba. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi. “Hawa na ng’onda ni ndugu,” alisema. “Huyu amepata moshi, yule jua.” Akanunua wengi kuliko walioweza kuliwa.

Usiku mvua ilinyesha juu ya paa la karavani na sauti yake ilikuwa ya bati, sawa na Tanga, na bibi alisema hivyo katika giza, na hakuna aliyejibu kwa sababu wote walikuwa wamelala isipokuwa baba. Walikaa siku 6. Uwanja wa kokoto ulikuwa na thamani yake: jirani wa upande wa nyasi, mwenye gari zuri kuliko lao, alihitaji trekta la mwenye kambi kumtoa.

Asubuhi ya kurudi, baba alipakia peke yake. Baiskeli juu ya ekseli, matangi ya maji yamemwagwa, mtungi wa gesi umefungwa, pua kwenye mizani ya bafuni: 82. Mama alikuwa na daftari. Bibi akatokea upande wa bandari na mjukuu wake mdogo, kila mmoja na boksi lililofungwa kwa kamba, harufu ya moshi ikiwatangulia.

“Vya kupeleka nyumbani Tanga,” alisema. “Vidogo tu.”

Mama akaingiza mkono kwenye mkoba akatoa mizani ile ya kuning’iniza masanduku kabla ya safari za ndege, akaitundika kwenye kamba ya boksi la kwanza.

“Shika hapo, mama,” alisema. “Tuone.”